Mkasi Wetu na Nywele za Binti wa Gatsata

Wanaoijua Kigali huitambua Gatsata kwa harufu kabla ya kuiona kwa macho. Ukivuka bonde la Nyabugogo, ukaiacha nyuma stendi ya mabasi pamoja na makelele yake, ukaanza kuifuata barabara iendayo kaskazini hadi Gatuna, mpakani na Uganda, pua hupokewa na mafuta machafu ya injini, rangi ya kupulizia na moshi wa kuchomelea vyuma. Mlima Jali husimama kwa juu, kimya, nao mafundi wako chini yake, migongo imelala juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, miguu tu ndiyo inayoonekana. Huko ndiko tulikoanzisha darasa la jioni la Kiswahili, katika chumba kilicho nyuma ya duka la spea, muda si mrefu baada ya Kiswahili kufanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017.

Hapana shaka baadhi ya wenzetu watashangaa: kuwafundisha Kiswahili watu wa gereji? Wao si ndio wanaokisema kutwa kucha? Naam, wanakisema. Spea huja kutoka Kampala, Mombasa na Dar es Salaam, na madereva wa malori hawana lugha nyingine ya kugombania bei. Lakini kusema ni jambo moja na kuandika ni jingine. Wanafunzi wetu walitaka kuandika hati ya malipo isiyochekesha, na barua ambayo mwenye duka wa Mombasa ataisoma hadi mwisho. Walikuwa kumi na wawili, wote wanaume, mpaka jioni ile alipoingia wa kumi na tatu.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, amevaa ovaroli lililolowa grisi magotini, na kofia ya kufuma iliyovimba kisogoni. Alitoa shikamoo, tukaitikia marahaba, akaketi nyuma. Somo lilipokwisha wenzake wakatoka, yeye akabaki.

"Mwalimu hanikumbuki," alisema. Hakuwa akiuliza.

Tulikiri kwamba hatumkumbuki. Akaivua kofia. Nywele zilizosokotwa, nyembamba na safi, zilimwangukia mabegani. Akaweka kidole juu ya paji la uso, akakipitisha taratibu katikati ya kichwa hadi kisogoni, kama mtu anayechora njia kwenye ramani.

"Mwalimu ndiye aliyepitisha mkasi hapa."

Hapo tukakumbuka.

Ni wajibu wetu kueleza mambo yalivyokuwa, maana wasomaji wa jarida hili ni walimu, na wengi wamewahi kusimama getini siku ya kufungua shule. Katika shule nyingi za Rwanda, kama ilivyo katika shule nyingi za nchi jirani, mwanafunzi wa kiume na wa kike hutakiwa kuwa na nywele fupi. Shule tuliyokuwa tukifundisha wakati ule, ambayo hatutaitaja, ilikuwa na kanuni hiyo, nasi tulikuwa mwalimu wa zamu. Msichana mmoja alirudi kutoka likizo nywele zikiwa zimesokotwa, fupi bado, za miezi miwili mitatu. Hatukumuuliza neno. Tulifanya kama tulivyofundishwa na waliotutangulia: tulipitisha mkasi mstari mmoja tu katikati ya kichwa, ili asiwe na la kufanya ila kwenda kuzinyoa zilizobaki. Wenzake waliokuwa kwenye foleni walicheka. Sisi nasi, tunasikitika kuandika, tulicheka kidogo. Msichana hakurudi muhula ule. Muhula uliofuata alirudi akiwa amenyoa, akakaa nyuma ya darasa, na hatukuwahi kumwona akinyoosha mkono tena.

Hayo ndiyo tuliyokuwa tumeyasahau. Mwenye mkasi husahau upesi.

Tulimwomba radhi palepale, kwa maneno yaliyotujia, nayo hayakuwa mazuri. Akatusikiliza mpaka mwisho, akarudisha kofia yake kichwani, akasema kwamba hakuja kwa ajili ya hayo. Amekuja kujifunza kuandika, na tena ana jambo anataka kulileta darasani. Kesho yake akalileta.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Katika gereji alikokuwa akifanya kazi kulikuwa na fundi mkuu, mtu wa makamo, hodari wa gia boksi kuliko mtu yeyote upande ule wa bonde, naye alikuwa na nywele za kusokotwa zilizofika kiunoni. Hakuna aliyewahi kumsema. Lakini mwenye gereji alikuwa amempa binti huyu wiki mbili: azikate ama atafute kazi mahali pengine. Alipouliza kwa nini yeye na si fundi mkuu, mwenye gereji alijibu, "Yule? Yule ni fundi." Maana yake hakuieleza, wala hakuona haja ya kuieleza.

Sasa, fundi mkuu huyo alikuwa mwanafunzi wetu pia, ameketi safu ya mbele. Akainama akitazama daftari lake.

Mjadala uliozuka tuliuacha uende, maana mwalimu wa lugha hapati kila siku darasa linalosema lenyewe bila kusukumwa. Dereva mmoja mzee wa malori alisema kwamba nywele za namna ile ni alama ya bangi na uvivu. Kijana mmoja akamwuliza kama basi na mzee wetu wa safu ya mbele ni mvivu na mvuta bangi. Darasa zima likacheka, isipokuwa yule mzee wa safu ya mbele. Dereva akajirekebisha: kwa mwanamume ni mtindo wa maisha, kwa mwanamke ni kujiacha. Mwanamke, alisema, yafaa apendeze. Binti akamwuliza, ampendeze nani, injini?

Lakini kabla ya kwenda mbali tulikwamishwa na neno. Tuliandika ubaoni: tuziite nini nywele hizi? Mmoja akasema "rasta". Mwingine akampinga, kwani mkewe husuka rasta kila mwezi kwa nywele bandia za dukani na hana habari yoyote na dini ya Warastafari. Kweli, katika miji mingi ya Afrika Mashariki neno hilo limekwisha kuhama, likawa jina la nywele bandia za kusukia. "Dredi" tumelipata kutoka Kiingereza, na mzizi wake katika lugha hiyo ni hofu, kwa hiyo anayelitamka hubeba hofu ya mtu mwingine bila kujua. Sisi, kwa kiburi cha mwalimu anayetaka neno la Kiswahili sanifu, tukapendekeza "misokoto". Vicheko vilikaribia kuezua bati. Tulikuwa tumesahau kwamba msokoto, kwa watu wa kawaida, ni wa bangi. Hatimaye tukakubaliana kusema "nywele za kusokota", ndivyo tunavyosema katika makala haya pia.

Jambo hili la maneno si dogo. Lugha yetu inayo "nywele za singa" kwa zilizonyooka, na "kipilipili" kwa zilizojikunja kama zetu wengi. Inayo "timutimu" kwa zisizotunzwa. Mtu akizoea kuyatumia maneno hayo bila kuangalia, huishia kudhani kwamba kila nywele isiyolala ni timutimu. Nywele za kusokota huoshwa, hukaushwa, hutiwa mafuta, hukazwa upya mizizi inapokua. Binti wetu alitueleza kwamba yeye hutumia karibu Jumapili nzima kwa kazi hiyo. Mwenye gereji alikuwa ameandika katika onyo lake kwamba nywele hizo "si nadhifu". Tulilichukua onyo lile kama zoezi, tukawataka wanafunzi waandike maana ya "nadhifu" bila kutumia neno "fupi" wala neno "nyoofu". Walitaabika sana, na sisi pia.

Yule dereva mzee hakuridhika. Alisema mambo haya ni ya Jamaika, si ya kwetu. Hapo ndipo tulipofurahi, maana alikuwa ametupeleka mahali tulipopajua kidogo.

Kwa Wanyarwanda nywele zilikuwa zikisomwa kama barua. Amasunzu, mtindo wa kunyoa sehemu na kuacha nyingine zikisimama kama miezi michanga juu ya kichwa, ulivaliwa na wanaume, na pia na wasichana ambao hawajaolewa. Msichana alipoolewa aliuacha, na alipozaa alivaa urugori, taji jembamba la bua la mtama. Kwa hiyo kanuni za nywele zilikuwapo, na zilikuwa kali, wala hatudai kwamba wazee wetu walimwachia kila mtu afanye atakavyo. Lakini zilikuwa kanuni zilizosema jambo fulani kuhusu mtu: huyu ni kijana, huyu ni mama. Onyo la gereji halikusema lolote kuhusu binti yule, ila kwamba haonekani kama mwenye onyo alivyozoea kuona.

Na Jamaika yenyewe? Barabara inayopita mbele ya darasa letu, ukiifuata hadi Gatuna na kuvuka, inakufikisha Kabale, katika nchi ya Kigezi. Huko, na katika kaskazini ya Rwanda, ndiko ilikoshamiri ibada ya Nyabingi, pepo wa kike, ambaye wengi wa wasemaji wake walikuwa wanawake. Mashuhuri kati yao ni Muhumuza, aliyejulikana kuwa mke wa Mwami Kigeri Rwabugiri, aliyewapinga wakoloni mpaka Waingereza wakamkamata mwaka 1911 na kumweka Kampala hadi kufa kwake. Mwaka 1935 gazeti moja la Jamaika lilichapa makala yaliyochanganya kweli na uzushi, yakidai kwamba Nyabingi ni chama cha siri cha watu weusi kinachoongozwa na Haile Selassie. Warastafari wakalipokea jina lile kwa mikono miwili, na hata leo mikusanyiko yao ya ngoma na sala huitwa Nyabinghi. Hatusemi kwamba Muhumuza alisokota nywele. Twasema tu kwamba jambo linaloitwa la kigeni huko Gatsata limebeba, katika mkoba wake, jina la mwanamke wa milima hii hii. Dereva mzee alituomba tulirudie jina hilo, akaliandika.

Wasomaji wa pwani watatukumbusha kwamba katika fasihi yetu pia wamo waliomwelekeza binti juu ya nywele zake. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi wake wa mwaka 1858, amemwusia mwanawe aoge, ajifukize, afunge nywele na atunge yasmini. Hilo ni agizo la mama anayekufa kwa mwanawe, tena la kumpamba. Tofauti kati ya mama anayekufundisha kufunga nywele na mtu anayekungoja getini na mkasi, kila mwenye kichwa anaijua.

Tena tusijidanganye kwamba udhibiti wa aina hii ni wa shule tu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mjini Dar es Salaam, kupiga marufuku nguo fupi za wanawake, wigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana. Ilianza kutekelezwa Januari 1969. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda utamaduni. Vijana wa kiume waliwavamia wasichana mitaani na katika mabasi. Suruali za kubana za wanaume zilikuwamo katika orodha, lakini waliolia zaidi ni wasichana.

Tuliwaletea wanafunzi pia mambo ya mahakama, maana watu wa gereji hupenda kesi. Januari 2019 msichana wa familia ya Kirastafari alirudishwa nyumbani kutoka shule ya sekondari ya Kibera, Nairobi, kwa sababu ya nywele zake. Baba yake akaenda mahakamani. Septemba mwaka ule ule Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alitamka kwamba Urastafari ni dini kama dini nyingine, na kwamba kumwondoa msichana yule darasani kulivunja haki zake. Huko Malawi, Mei 2023, Jaji Zione Ntaba wa Mahakama Kuu ya Zomba aliamua kwamba shule za serikali ziwapokee watoto wa Kirastafari na nywele zao. Darasa lilifurahi, ila binti wetu hakufurahi sana. Alisema, "Mimi si Mrasta. Mimi ni Mkatoliki. Je, mimi sina kesi?"

Ni swali zuri kuliko yote tuliyoulizwa mwaka ule. Mahakama nyingi hulinda nywele kwa kupitia dini, na asiye na dini ya nywele hubaki nje ya mlango. Tuliitafuta kesi iliyosimama karibu naye, tukaipata Afrika Kusini, nayo ilikuwa imegeuzwa juu chini. Mwaka 2007 askari magereza watano wa gereza la Pollsmoor, karibu na Cape Town, walifukuzwa kazi kwa kukataa kukata nywele zao za kusokota. Wote walikuwa wanaume. Baadhi walikuwa Warastafari, wengine waliongozwa na mila za Kixhosa. Lakini askari wanawake wa idara hiyo hiyo waliruhusiwa nywele za namna hiyo. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Rufani ilisema kwamba huo ni ubaguzi, wa dini na mila, na wa jinsia pia: kama nywele hizi haziharibu kazi ya askari mwanamke, zinaharibuje ya mwanamume?

Jeshi la nchi kavu la Marekani nalo lilikwenda kwa njia hiyo hiyo. Kanuni yake ya mwaka 2014 iliwakataza wanajeshi wanawake nywele za kusokota, wakalalamika wanawake weusi, ambao kwao mtindo ule ndio uliokubali kofia ya chuma bila kuchoma kichwa kwa dawa. Mwanzoni mwa mwaka 2017 wakaruhusiwa, kwa sharti kwamba nywele ziwe za ukubwa mmoja na zimefungwa vizuri. Ruhusa ilikuwa ya wanawake peke yao.

Basi tazama mambo yalivyo: Pollsmoor na jeshini mwanamke ameruhusiwa na mwanamume amekatazwa, Gatsata mwanamume ameachwa na mwanamke amepewa wiki mbili. Kila upande unasema unalinda unadhifu. Fundi mkuu, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa amesema neno, alisema kwamba kumbe angekuwa askari Cape Town angefukuzwa. Wazo hilo lilimkaa kichwani kwa muda.

Tulimsimulia pia binti yule habari za Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepata cheo cha Field Marshal katika vita vya Mau Mau. Nywele alizokuwa nazo msituni hakuzikata uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Alizitunza karibu miaka sabini, zikawa ndefu za kufika chini, mpaka Aprili 2022 alipomruhusu Mama Ngina Kenyatta azikate, mbele ya watu. Alifariki Septemba mwaka uliofuata. Binti aliuliza kama ni yeye mwenyewe aliyechagua siku ya kukatwa. Tulimwambia ndiyo. Akasema, "Haya," basi.

Sasa hatuna budi kuitendea haki kanuni ya shule, maana ni rahisi kuitukana baada ya kuiacha. Tuliiamini, na sehemu yake twaiamini bado. Kusuka ni gharama. Katika darasa moja wamo mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mama anayeuza mboga kandokando ya barabara, na nywele fupi huficha tofauti hiyo vizuri kuliko hotuba yoyote. Maji ya kuoshea ni ya shida mahali pengi. Asubuhi ni fupi. Mzazi mmoja alituambia kwamba kanuni ile ndiyo iliyomwokoa, kwani ana mabinti wanne. Hatuwezi kumcheka mzazi huyo.

Tena tulikuwa tukijisifu kwamba kanuni yetu ni ya haki kwa kuwa inawanyoa wote. Ni kweli, mkasi wetu haukubagua. Lakini mvulana aliyenyolewa hurudi mtaani akafanana na baba yake na kaka zake. Msichana aliyenyolewa hafanani na mwanamke yeyote nyumbani kwao. Kipimo kimoja, uzito mbili. Hilo hatukuliwaza miaka yote ile, ingawa tulikuwa tukifundisha methali ya mwenzio akinyolewa na kuwapa wanafunzi alama kwa kuieleza.

Siku tatu kabla ya zile wiki mbili kwisha tulikwenda kumwona mwenye gereji. Alitupokea kwa heshima, akatukalisha juu ya kiti cha gari kilichong'olewa, akaagiza chai. Alikuwa mtu nadhifu, shati jeupe na tai nyekundu katikati ya grisi ile yote. Tulipoanza kueleza, akatushika mkono, akatupeleka mbele ya gari lililokuwa likinguruma, boneti imefunguliwa.

"Mwalimu, ona huu ukanda wa feni. Nywele zikinaswa hapa, zinakwenda na kichwa."

Tulikubali. Ni hatari ya kweli, wala si ya kubuni, na kama angekuwa ameiandika hiyo katika onyo lake tusingekuwa na la kusema ila kuuliza swali moja. Tukaliuliza: je, za fundi mkuu hazinaswi? Akanyamaza. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitazamia.

"Binti yangu mimi mmemnyoa miaka sita hapo shuleni kwenu. Nilikuja kuuliza kwa nini, nikaambiwa ni kanuni. Sasa leo mwalimu anakuja kwangu kuniuliza kwa nini?"

Chai ilikuwa imefika. Tuliinywa pole pole. Hatukuwa na jibu, tukamwambia hivyo. Nadhani hilo lilimsaidia kuliko hoja zote za Pollsmoor, maana alicheka, akawaita mafundi wake, akasema kwamba kuanzia kesho yeyote atakayesogelea injini inayozunguka afunge nywele na kuvaa kofia, mwanamume kwa mwanamke. Fundi mkuu ndiye aliyekataa kwanza. Kofia, alisema, ni za watoto. Binti naye akauliza, kwa sauti ya adabu kabisa, "Na tai ya bosi?"

Tai ya bosi ilikuwa ikining'inia juu ya ukanda wa feni wakati ule ule. Kila mtu aliiona. Mwenye gereji aliitazama kwa muda, akaichomeka ndani ya shati. Tumepita pale mara nyingi tangu siku hiyo, na tai iko ndani ya shati.

Kwetu shuleni mambo hayakwenda vizuri kiasi hicho. Tulilileta suala mbele ya mkutano wa walimu. Wenzetu wawili walituunga mkono, wengi walituona kama watu waliolewa mafuta ya gereji, na mmoja aliuliza kama baada ya nywele tutadai na hereni. Kanuni ilibaki. Kilichoondolewa ni mkasi wa getini: mwanafunzi mwenye nywele ndefu aandikiwe mzazi wake barua, apewe mpaka Jumatatu, na akienda kunyoa aende kwa kinyozi wake, kichwa kizima. Ni ushindi wa robo, nao tuliupata baada ya saa tatu za kubishana.

Mwisho wa kozi tuliwapa wanafunzi insha: "Siku Nisiyoisahau". Tulikichukua kitabu cha binti nyumbani, tukakiacha mezani siku mbili bila kukifungua, kwani tulidhani tunajua kilichomo. Tulipokifungua tukakuta kurasa mbili na nusu juu ya injini ya kwanza aliyoifumua peke yake, ya lori la mchanga, na jinsi alivyozipanga nati zote juu ya gazeti kwa mpangilio wa kutoka ili asikosee mpangilio wa kurudisha. Lori liliwaka mara ya kwanza. Habari za geti hazikuwamo, hata kwa sentensi moja. Upatanisho wa kisarufi ulimshinda mahali patatu. Tukavirekebisha vitatu hivyo kwa kalamu nyekundu, tukampa alama kumi na saba kati ya ishirini.

Mwezi uliofuata breki za gari letu zilianza kulia kwenye mteremko wa kuingia Nyabugogo. Tukampelekea yeye. Alifanya kazi asubuhi nzima, kofia kichwani, akaturudishia funguo pamoja na hati ya malipo iliyoandikwa kwa Kiswahili safi, kila kitu na bei yake. Tuliuliza kama mwalimu wake hapunguziwi kidogo. Akasema hapana. Tukalipa.